Kabla Grupu Haijabadilishwa Jina

Kesi maarufu kuliko zote kuhusu kifo katika historia ya Kenya haikumhusu mgonjwa. Ilihusu maiti. Wakili S.M. Otieno aliaga dunia tarehe 20 Desemba 1986, na hadi tarehe 23 Mei 1987 mwili wake ulikuwa haujazikwa. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe Upper Matasia, karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka arudishwe Nyalgunga, Siaya. Siku 154. Kortini, kwenye magazeti, ndani ya matatu, kila mtu alikuwa na maoni yake, na mwishowe ukoo ukashinda.

Otieno alikufa ghafla, kwa hivyo hakukuwa na mengi ya kuuliza kuhusu siku zake za mwisho. Lakini kesi ile inanisumbua kwa sababu nyingine. Nchi nzima iliweza kubishana miezi mitano kuhusu mahali mtu atalala akishakufa. Mahali atalala akiwa bado anakufa, na nani atakuwa kando yake, na atapewa nini akilia usiku, hayo hatujawahi kubishania hata wiki moja.

Ukidhani mambo yalibadilika, kumbuka Julai 2019. Tarehe moja, Bob Collymore wa Safaricom alifia nyumbani kwake Nairobi, kwa saratani ya damu. Tarehe 26, mbunge wa Kibra, Ken Okoth. Tarehe 29, gavana wa Bomet, Joyce Laboso. Wote watatu ni saratani, mwezi mmoja. Okoth alikuwa ameshatangaza hadharani kwamba ugonjwa wake umefika hatua ya nne, jambo ambalo wanasiasa wetu hawafanyi. Angalau hapo tungeuliza: mtu akijua hatapona, anaishi vipi miezi iliyobaki? Hatukuuliza. Alipofariki, ubishi ukahamia kwa mwili: azikwe au achomwe, nani ana haki ya kuamua, hadi korti ikaingia. Ni wimbo ule ule wa 1987.

Mimi ni wa Mabanga, Bungoma. Watu wa nje wanaijua kwa chuo cha wakulima, na wengine kwa mkutano wa amani ya Mlima Elgon uliofanyika hapo 2011. Sisi Babukusu tuna jambo la heshima kubwa linaloitwa kumuse. Mzee mwenye hadhi akizikwa, siku ya tatu watu wanakaa uwanjani, na omuswali, msemaji wa ukoo maalum, anatembea katikati akizungumza saa nyingi. Anaeleza tulikotoka, anafariji, anaonya, anagombeza. Sijasikia hotuba ya kanisa wala ya siasa inayofikia ile. Lakini inakuja siku ya tatu baada ya kaburi. Yule ambaye ingemfaa zaidi kusikia kwamba maisha yake yalikuwa na maana ndiye pekee ambaye hasikii.

Siku hizi tuna kumuse yetu ndogo: grupu ya WhatsApp. Inaanza ikiitwa "Matibabu ya Senge" au "Tumwokoe Mzee". Kuna paybill, kuna katibu, kuna yule binamu wa Qatar anayeulizwa kila siku kama ametuma. Pesa inaingia polepole kama maji ya mfereji wa kijiji. Halafu asubuhi moja unaamka unakuta jina limebadilishwa: "Maandalizi ya Mazishi". Siku hiyo hiyo pesa inaingia kama mvua. Hema, gari la maiti, ng'ombe, vipaza sauti. Sisemi watu ni wabaya. Nasema tunajua kabisa kazi yetu ni ipi mtu akifa, na hatujui kazi yetu ni ipi akiwa anakufa. Kati ya grupu ya kwanza na ya pili kuna nafasi. Hospisi ndiyo kazi ya nafasi hiyo. Tatizo ni kwamba tunaikumbuka usiku ule jina linabadilishwa.

Ilikuwaje tukachelewa hivi? Tuanzie mbali kidogo.

Mwaka 1948, London, Cicely Saunders alimhudumia mgonjwa mmoja Myahudi kutoka Poland, David Tasma, aliyekuwa akifa kwa saratani bila jamaa karibu. Tasma alimwachia pauni 500 ziwe dirisha katika nyumba ambayo Saunders alikuwa anaota kuijenga. Saunders alikuwa amesomea uuguzi, halafu kazi ya jamii. Akarudi shule akawa daktari, kwa sababu aliona madaktari hawatasikiliza mtu ambaye si daktari mwenzao. Hospisi yake, St Christopher's, ilifunguliwa 1967. Alileta mawazo mawili. La kwanza, usingoje maumivu yarudi ndiyo utoe dawa; toa kwa saa, kabla hayajarudi. La pili, maumivu si mwili tu. Hofu ni maumivu. Deni ni maumivu. Kutosemezana na ndugu yako ni maumivu. Mkenya yeyote aliyewahi kuuza shamba kulipa bili anaelewa hilo la pili bila kufundishwa.

Afrika hospisi ilianzia Harare, Island Hospice, 1979. Kenya tukapata Nairobi Hospice mwaka 1990, kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, kwa juhudi za wauguzi kama Ruth Wooldridge na Brigid Sirengo. Haikuwa jumba la kulaza watu wakingoja kufa, ingawa hadi leo ukimtajia mtu hospisi hiyo ndiyo picha anayoona. Wauguzi walikuwa wanatoka na gari kuelekea mitaani, wanawafuata wagonjwa nyumbani. Daktari aliyekuwa naye mwanzoni, Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alivuka mpaka akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, Kampala, katika nyumba ya kuazima kwenye hospitali ya Nsambya. Alibeba fomula moja aliyoitumia Singapore: poda ya mofini, maji, na kitu cha kuzuia isioze. Walikuwa wanaikoroga jikoni, kwa ndoo. Rangi inaonyesha nguvu; ya kijani ndiyo nyepesi, ya kuanzia. Merriman alifariki 2025, akiwa na miaka 90, huko huko Uganda.

Hapo ndipo roho inaniuma kama mtu wa Bungoma. Uganda, mwaka 2004, sheria ilibadilishwa ili muuguzi aliyepata mafunzo maalum aweze kuandika mofini, si daktari peke yake, na dawa yenyewe mgonjwa anapewa bure. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Sisi tunapakana nayo. Ng'ambo ya mto Lwakhakha kuna Bamasaba, watu ambao lugha yao nasikia bila mkalimani na ambao tohara yao na yetu ni moja. Lakini kwa upande wa maumivu, mto ule ulikuwa ukuta. Mwaka 2010, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Kenya: kati ya hospitali za umma takriban 250, mofini ya kunywa ilipatikana katika saba tu. Dawa yenyewe ni ya bei ya chini mno. Kilichokuwa ghali ni woga. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 ilikuwa na meno makali, wafamasia wakaogopa kuiweka, madaktari wakaogopa kuiandika, na mgonjwa wa Chwele akapewa Panadol kwa saratani iliyofika kwenye mfupa.

Halafu kuna ukimwi. Hii ndiyo sehemu ambayo naona vijana wa rika langu hatuijui vizuri, na ndiyo inaeleza wazazi wetu. Rais Moi alitangaza ukimwi janga la kitaifa Novemba 1999. Dawa za kurefusha maisha hazikuwafikia watu wa kawaida mpaka miaka kadhaa baadaye. Hospitali zilijaa, wawili kitanda kimoja, na kilichobaki ni kuwarudisha watu nyumbani. Kukawa na mafunzo ya kuhudumia wagonjwa nyumbani: akina mama wa kujitolea, wengi wao wajane, wakizunguka na glavu, Jik, unga wa uji na maombi. Walifanya kazi kubwa ajabu, na hakuna sanamu yao popote. Lakini kijijini watu walijifunza somo moja: hospitali ikisema "mhudumieni nyumbani", maana yake imewatupa. Nyumbani ndipo mtu alipopelekwa wakati hakukuwa na dawa. Sasa mwambie mzee aliyeona hayo kwamba kuna huduma nzuri ya nyumbani. Atakuangalia kama muuza sera.

Na jambo la tatu limetoka Marekani, kupitia sinema na intaneti. Kule, tangu 1982, bima ya serikali ya wazee hulipia hospisi kwa masharti: madaktari wathibitishe kwamba mgonjwa ana miezi sita au pungufu, na mgonjwa akubali kuacha matibabu ya kuponya. Ni kanuni ya wahasibu, ilitungwa ili pesa isimwagike. Lakini ilisafiri dunia nzima ikawa kama ukweli wa tiba: hospisi inaanza pale matibabu yanapoisha. Kenya hatuna kanuni hiyo. Hakuna mtu wa Bungoma au Kitale anayetakiwa kutia saini kwamba ameacha kutibiwa ndiyo muuguzi wa hospisi aje. Tumeazima mlango uliofungwa wa nyumba ya wenyewe.

Kwa hivyo, lini? Mwaka huo huo wa 2010, watafiti wa Massachusetts General, Boston, walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walipata matibabu hayo hayo pamoja na watu wa kutuliza maumivu tangu mwanzo, si mwisho. Hawa wa pili walikuwa na hali nzuri zaidi moyoni, na walipewa kemia kali chache zaidi siku za mwisho. Na waliishi muda mrefu zaidi: wastani wa miezi 11.6, wenzao 8.9. Soma tena hapo. Wale walioitiwa "watu wa kufa" mapema ndio waliochelewa kufa. Utafiti mmoja hauwezi kubeba dunia yote, lakini unatosha kuvunja lile wazo kwamba kumwita muuguzi wa hospisi ni kumfungulia mtu mlango wa kaburi.

Senge yangu alikuwa na saratani ya titi. Alitibiwa, ikatulia, ikarudi. Hospitali moja ilimpa karatasi ya kwenda nyumbani na pakiti ya vidonge vya maumivu vya kununua dukani, basi. Aliyesema jina la hospisi ni jirani, mwalimu mstaafu, ambaye mume wake alikuwa amepitia hapo. Tulibishana kwanza, bila shaka. Baba yangu alisema, "Mnataka kumzika dada yangu akiwa anaongea?" Ndugu mwingine akasema tumalize kwanza dawa za mtu fulani wa Kitale aliyekuwa na miti shamba. Jirani yule akakaa kimya mpaka wakachoka, halafu akauliza, "Usiku analala?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu sote tulikuwa tunamsikia.

Muuguzi alipokuja hakufungua begi. Alikaa kwenye kigoda, akamwuliza, "Mama, ni nini kinakusumbua kushinda vyote?" Sote tulijua jibu: maumivu. Senge akasema, "Harufu." Kidonda kilikuwa kimefunguka na kilikuwa kinanuka, na wageni wa kanisa walikuwa wanakaa karibu na mlango wakisingizia joto. Muuguzi akatuonyesha kusaga vidonge vya metronidazole, dawa ya kawaida kabisa, na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda kila kikisafishwa. Baada ya siku chache akina mama wa kanisa walikuwa wanakaa kitandani.

Mofini ilikuwa chupa ya maji. Mililita zilizoandikwa, kwa sirinji bila sindano, kila baada ya saa nne. Ile ya kulala inaongezwa maradufu ili alale mpaka asubuhi. Binamu yangu wa darasa la nane ndiye aliyekuwa na alamu kwenye simu. Na pamoja nayo dawa ya kulainisha choo, siku ya kwanza, si wiki ya pili, kwa sababu mofini inafunga tumbo kila mara. Uganda walikuwa wanatumia mbegu za papai zilizokaushwa zikasagwa, na sisi papai tunalo nyuma ya nyumba.

Ile hofu kwamba mofini "inamalizia mtu" nimeisikia Nairobi kwa watu wenye digrii. Nadhani inatoka hapa: inaletwa siku mbili kabla ya kifo, mtu anakufa, dawa inalaumiwa. Ni kama kusema mwavuli huleta mvua. Ikianzishwa kidogo kidogo kwa mdomo, ikipandishwa kufuata maumivu, mtu anakunywa miezi mingi na anaendelea na shughuli zake. Senge aliamka siku ya pili akaomba mahindi ya kuchambua.

Alikuwa na majuma tisa. Ndani yake alifanya kazi ambayo sisi tungepeleka kortini miaka tisa. Alimwita baba yangu akamweleza kuhusu ploti ya Kanduyi na nani alikuwa bado anadaiwa. Alitaja nani asishike maikrofoni kwenye mazishi yake. Aliuliza swali ambalo watu wazima wote walikuwa wameambizana wasimjibu, na muuguzi akamjibu kwa upole, "Mama, wewe unaonaje?" Akasema, "Naona siponi." Mambo yakawa rahisi kuanzia hapo, hakuna aliyelazimika kuigiza tena. Kumuse si ya wanawake, kwa desturi, lakini aliyasikia maneno yake akiwa hai, kutoka kwa watu walioketi kwenye kitanda chake.

Nilimwuliza muuguzi watu humwita lini kwa kawaida. Akasema wengi humpigia wakati mgonjwa hawezi tena kumeza.

Basi dalili ninazoziamini ni za kawaida. Dawa ya dukani haifiki asubuhi. Mmerudi wodini mara ya pili au ya tatu kwa tatizo lile lile, na kila mara anatoka akiwa mdogo kuliko alivyoingia. Nguo zinamkimbia. Siku nyingi anazimaliza kitandani. Matibabu yenyewe yanamwangusha kuliko ugonjwa. Si saratani pekee. Figo, moyo uliochoka, ini, kiharusi kikubwa, yote yanaingia humu. Na kabla ya hayo yote, siku ile daktari anasema ugonjwa huu tunaweza kuudhibiti lakini hatuwezi kuuondoa, siku hiyo tayari ni mapema inayofaa. Kuna swali ambalo madaktari hujiuliza wenyewe, na hakuna sheria inayokuzuia kuliuliza kwa sauti: "Daktari, huyu akifa ndani ya mwaka mmoja, utashangaa?" Akinyamaza sana, umejibiwa.

Watanzania wana jina la kazi hii: tiba shufaa. Shufaa ni kumwombea mtu, kusimama upande wake mbele ya mwenye nguvu. Nalipenda kuliko "hospisi", ambalo kwa masikio yetu linafanana mno na hospitali, na watu wanaulizia vitanda.

Mambo yamesogea tangu ile ripoti ya 2010. Hospitali kubwa za serikali zimeanzishiwa vitengo vya kutuliza maumivu, chama cha hospisi nchini, KEHPCA, kimefundisha wauguzi wengi, na 2021 wizara ilitoa sera ya kitaifa inayofika hadi 2030. Kutoka kwetu, ukipita Webuye kuelekea Eldoret, kuna Kipkaren, ambako Living Room International wana hospisi yenye vitanda inayoitwa Kimbilio, kwa wale ambao nyumbani kumewashinda au hawana. Lakini sera ni karatasi, na chupa ni chupa. Poda ikiisha Eldoret, Mabanga inajua usiku huo huo.

Kwa hivyo ukiwa Nairobi na wewe ndiye admini wa ile grupu ya kwanza, piga simu hospitali ya kaunti wakati mgonjwa bado anakula ugali. Uliza mawili: kitengo cha hospisi kipo? Mofini ya maji ipo leo? Jibu la pili ndilo lenye maana zaidi. Ikiwa hakuna, uliza chupa iliyo karibu iko mji gani, halafu urudi kwenye grupu uulize nani ana fare ya kwenda kuichukua.